Mikono Ionekane: Miaka Yangu Kando ya Pipa la Droo

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya kamera jijini Kampala, kando ya pipa la plastiki linaloonyesha ndani, nikitaja majina ya watu waliobahatika. Droo ilikuwa ya kampuni ya sabuni. Mteja alikata kipande cha karatasi iliyofungia mche, akaandika nyuma yake jina, wilaya na namba ya simu, kisha akakitumbukiza katika sanduku lililowekwa dukani. Zawadi zilikuwa magodoro, baiskeli, cherehani, na mwisho wa msimu pikipiki. Kazi hiyo niliipata kwa ajili ya Kiswahili. Mimi ni Mnubi wa Bombo, nimekulia kati ya Kinubi, Kiswahili na Kiganda, na kampuni ilikuwa na wanunuzi Busia, Malaba, Kasese, Arua na katika makambi ya askari, watu ambao Kiganda peke yake hakiwafikii. Mwenzangu alitangaza kwa Kiganda, mimi nikafuatia kwa Kiswahili.

Waliotuajiri walitaka uchangamfu: tabasamu, rangi, muziki, vigelegele jina likitajwa. Hayo nilikuwa nayo. Ila aliyenifundisha kazi yenyewe hakuwa mtu wa masoko. Alikuwa mpiga picha mzee aliyeanzia Nakasero enzi za UTV, televisheni ya taifa iliyofunguliwa mwaka 1963, akaiona picha ya rangi ikiingia mwaka 1975 Kampala ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Kabla ya jaribio letu la kwanza alizunguka akikagua nguo za kila atakayelikaribia pipa. Aliponifikia aliishika ncha ya mkono wa gauni langu, uliokuwa mpana kama kawaida yetu, akasema, "Binti yangu, kuna mtu yuko Arua, kuponi yake imo mle ndani. Huyo hakutazami uso. Anatazama mkono. Ukimpotea hata kidogo, shaka yake ataiweka palepale, na hutaiondoa tena."

Nikaenda kwa fundi cherehani Bombo, akanishonea magauni ambayo mikono yake inabana mpaka kwenye kifundo na kufungwa kwa vifungo viwili, nijistiri na vidole vibaki wazi. Pete na bangili nikaziacha nyumbani. Utaratibu wetu ukawa huu: kiganja kinaonyeshwa kamera kikiwa kitupu, kinaingia pipani, kinatoka na kuponi moja iliyoshikwa pembeni kwa vidole viwili, na kuponi hiyo haishuki chini ya kifua mpaka isomwe. Kamera haikati kwenda kwa watazamaji wala kwa zawadi wakati mkono uko njiani. Mwongozaji wetu alilalamika kwamba picha inachosha. Mzee akakataa kusogeza kamera, na mimi nikasimama upande wake. Mpaka leo nikiangalia droo yoyote, ya hapa au ya ng'ambo, jambo la kwanza ninalolitafuta ni hilo: je, kuna dakika ambayo sikuonyeshwa?

Yule mzee alipenda kusimulia kisa cha Pennsylvania, nami baadaye nikakitafuta chote nikakisoma. Tarehe 24 Aprili 1980, droo ya namba tatu ya bahati nasibu ya jimbo hilo la Marekani ilirushwa kutoka studio za kituo cha WTAE, Pittsburgh. Mashine zilikuwa tatu, kila moja ina mipira kumi myepesi inayorushwarushwa na upepo, na mpira mmoja unanyonywa juu kwenye bomba. Zikatoka 6, 6 na 6. Mtangazaji alikuwa Nick Perry, sura iliyopendwa na iliyozoeleka sebuleni mwa watu. Baadaye ikabainika kwamba yeye na wenzake walitengeneza mipira ya bandia, wakaidunga rangi kwa sindano ili iwe mizito isipande, isipokuwa yenye 4 na yenye 6. Piga hesabu mwenyewe: namba mbili katika mashine tatu zinaacha mipangilio minane tu, kuanzia 444 hadi 666. Washirika wao walizunguka wakinunua tiketi za mipangilio hiyo minane, na wingi wa tiketi hizo ndio uliowafichua. Mwaka 1981 Perry alitiwa hatiani, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu hadi saba. Na faida ya bahati nasibu ya Pennsylvania, kwa sheria ya jimbo, huenda kuwahudumia wazee. Walioibiwa ni wao.

Kinachoniuma katika kisa hicho ni kwamba usiku ule televisheni ilionyesha kila kitu. Mashine ilikuwa wazi, mipira ilionekana ikirukaruka, hakuna mkono uliojificha. Wizi ulikuwa umekwisha fanyika kabla taa za studio hazijawashwa, katika chumba ambamo mipira ilihifadhiwa. Ndiyo maana mzee wetu alishikilia neno lake: mwenye ufunguo wa stoo na mwenye kipaza sauti wasiwe mtu mmoja, na ikiwezekana wasijuane. Kwetu magunia ya kuponi yalifungwa kwa lakiri, afisa wa serikali aliyekuja kusimamia akaikata mbele ya kamera, na mkaguzi wa hesabu akasimama pale akiandika. Mimi sikuwahi kushika ufunguo hata wa chumba cha kubadilishia nguo kilichopakana na stoo ile. Uingereza walikwenda mbali zaidi. Walikuwa na mashine kadhaa, wakazipa majina kama Arthur, Guinevere na Lancelot, wakawa na seti kadhaa za mipira, na ni wakati wa droo ndipo huchaguliwa mashine gani na seti gani itumike. Mwizi atapaka rangi ipi, naye hajui leo utatumika mpira upi?

Jambo la pili nililojifunza ni kukoroga. Linaonekana dogo, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, maana hapa mtu anaweza kudhulumiwa bila mwizi yeyote kuwepo. Kuponi za Kampala na Mukono zilifika mapema, zikamiminwa kwanza. Za Arua na Kasese zilikuja kwa basi la usiku, zikafika asubuhi ya droo, zikamwagwa juu. Mkono wa binadamu ni mvivu, huchota karibu. Msimu wa mvua mambo yalizidi: karatasi ya sabuni ina nta na mafuta, zikishikana zinakuwa mabunda, unachota unapata kumi za duka moja. Tena wako wajanja waliokunja kuponi kama kinanda cha mkono, au wakazifinyanga mpaka zikawa kavu na zenye makali, ili vidole vizigundue haraka. Ukichota kwa kupapasa umewapa wao.

Mzee aliagiza pipa jipya lenye mkono wa kuzungushia na mbao ndani za kupindua, kama yale ya kuchanganyia zege yanavyopindua kokoto. Magunia yakafunguliwa yote kwa pamoja na kumiminwa kwa zamu, bila kufuata wilaya. Mabunda yakabanduliwa mbele ya kamera kabla ya kuzungusha. Uchotaji tukaukabidhi kwa mtoto wa shule aliyefungwa kitambaa machoni, akaelekezwa afike chini kabisa. Mimi nikabaki kusoma.

Baadaye nikaja kujua kwamba ulegevu huohuo wa kukoroga uliwahi kuamua nani aende vitani. Tarehe 1 Desemba 1969 Marekani iliendesha droo ya kupanga vijana watakaoitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam, na kituo cha televisheni cha huko, CBS, kikairusha moja kwa moja. Vidonge 366 vya plastiki, kila kimoja kina tarehe ya kuzaliwa, viliwekwa katika chombo kikubwa cha kioo. Mbunge Alexander Pirnie akachota cha kwanza: 14 Septemba. Kila kijana wa rika lile aliyezaliwa tarehe hiyo akawa wa kwanza kwenye orodha. Muda si mrefu wanatakwimu wakagundua kwamba miezi ya mwisho wa mwaka, hasa Desemba, imepata namba za mbele kupita kiasi. Vidonge vilifungwa mwezi baada ya mwezi, Desemba ikaingia mwisho, na havikukorogwa vya kutosha. Mwaka uliofuata wakabadili utaratibu, wakatumia mapipa mawili, moja la tarehe na jingine la namba. Hakuna aliyedhamiria ubaya pale. Lakini mama aliyemzaa mwanawe Desemba utamwambia nini?

Kwa hiyo kijana wa kituo akiniambia kukoroga dakika nzima ni kupoteza muda wa hewani, simwelewi. Muda wa hewani ni wa nini, kama si huo?

Kuna na suala la maandishi ya skrini. Siku hizi jina la mshindi linatokea chini ya picha kwa herufi za kupendeza, na anayeliandika ni kijana aliyekaa chumba cha pili na kompyuta. Kwetu sheria ilikuwa kwamba vidole vyake visiguse kibonye mpaka nimalize kulisoma jina mara mbili na msimamizi aitikie kwa kichwa. Mwaka 2015, mwezi wa saba, Serbia walionyesha kwenye skrini namba 21 kabla mpira wenyewe haujatoka, halafu ukatoka kweli. Wakasema ni hitilafu ya mitambo, polisi wakahoji watu, mkuu wa bahati nasibu akajiuzulu. Huenda kweli ilikuwa hitilafu. Mtazamaji aliyekaa na tiketi yake hawezi kulijua hilo, na hana wajibu wa kuliamini.

Sasa niseme kuhusu sauti, kwa kuwa hapo ndipo watangazaji tunapoulizwa zaidi. Nilipoanza nilitafuta mifano ya wenzetu waliotangulia. Ujerumani droo ya kuchagua namba 6 kati ya 49 ilianza Hamburg tarehe 9 Oktoba 1955, ikachotwa na msichana wa kituo cha yatima, na namba ya kwanza kutoka ikawa 13. Televisheni ikaanza kuirusha mwaka 1965. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1998 aliyesimama pale alikuwa mwanamke mmoja, Karin Tietze-Ludwig. Miaka zaidi ya thelathini, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa sauti tulivu, namba zinatajwa, zinarudiwa, kwaheri. New York walikuwa na Yolanda Vega, aliyelitangaza jina lake mwenyewe kwa mvuto mpaka likawa alama ya kipindi, lakini akifika kwenye namba, namba zinasomwa wazi kabisa. Uingereza walichagua shamrashamra: tarehe 19 Novemba 1994 BBC ilirusha droo ya kwanza ya taifa ikiongozwa na Noel Edmonds, Anthea Turner na Gordon Kennedy, na watu wapatao milioni 22 wakaketi kutazama. Wakamweka na mnajimu, Mystic Meg, aeleze dalili za atakayeshinda.

Mnajimu sikubaliani naye hata kidogo. Droo inadai kwamba hakuna anayejua, halafu unamleta mtu anayesema anajua. Hapa kwetu tungefanya hivyo, kesho yake foleni ingekuwa kwa mganga. Niliyempenda katika kipindi cha Waingereza ni Alan Dedicoat, aliyesikika bila kuonekana: mpira ukitoka anautaja, anaongeza umekwisha kutoka mara ngapi, basi.

Wanaonigusa kuliko wote ni watoto wa Hispania. Kila tarehe 22 Desemba wanafunzi wa shule ya San Ildefonso, Madrid, wanasimama jukwaani kwa saa kadhaa wakiimba namba. Mmoja anaimba namba ya tiketi, mwenzake anaimba zawadi, hivyohivyo, zaidi ya mara elfu moja, kwa lahani moja. Droo hiyo ya Krismasi ilianza mwaka 1812, na televisheni imekuwa ikiirusha tangu mwaka 1957. Katika tufe kubwa la waya kuna mipira ya mbao 100,000, katika dogo kuna mipira ya zawadi 1,807. Zamani waliimba wavulana tu, wasichana wakaingia mwaka 1984. Mpira ukitoka unaimbwa, unaonyeshwa, unatungwa kwenye waya pamoja na wenzake, unabaki pale mbele ya macho ya watu. Nilipoiona kanda yake kwa mara ya kwanza nilimwita mzee aje atazame. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Hawa hawana haraka."

Kutoka kwao nilichukua jambo moja nikalitumia: zawadi ndogo na kubwa zisomwe kwa sauti ileile. Mshindi wa godoro asisikie kwamba jina lake limetajwa kwa kubabaisha ili tufike kwenye pikipiki.

Kupiga simu kwa mshindi hewani kulinifundisha nchi yangu. Nakumbuka mama mmoja wa upande wa Masaka.

"Haloo, shikamoo mama."

"Marahaba. Nani?"

"Ni mtangazaji, kutoka droo ya sabuni. Jina lako limetoka, umeshinda cherehani."

"Mwanangu, mimi sina pesa ya kukutumia." Akakata.

Mwenzangu akampigia tena kwa Kiganda, akaanza na salamu ndefu, akamuuliza habari za nyumbani, na mama akasema wazi kwamba aliposikia Kiswahili moyo ulimruka. Kwa watu wa rika lake Kiswahili kilikuwa sauti ya kizuizi cha barabarani miaka ya sabini na themanini, sauti ya bunduki usiku. Sikumlaumu. Kwa mimi ni lugha ya mama na bibi, kwake ni lugha ya aliyebisha hodi kwa kitako cha bunduki, na wote wawili ni Waganda wa Uganda hiihii. Tangu siku ile hatukuanza simu kabla ya kuangalia wilaya iliyoandikwa kwenye kuponi, na sentensi ya kwanza baada ya salamu ikawa: "Sitakuomba pesa, hata shilingi moja, wala namba ya siri." Naomba msomaji uichukue na uwapelekee wazee wako nyumbani. Droo ya kweli haimdai mshindi ada ya kutumiwa zawadi. Anayedai ni mwizi, hata ajitambulishe kwa jina la kituo gani.

Zawadi tulizipeleka sokoni, mbele ya watu. Yule mama alikabidhiwa cherehani yake akiwa na majirani zake, akaijaribu palepale, akavuta uzi kwa meno, akashona kipande cha kanga kilichochanika cha mama aliyesimama karibu. Baada ya hapo kuponi kutoka upande ule ziliongezeka.

Sasa nifike kwenye jambo lililokuwa gumu. Msimu mmoja tulirekodi droo badala ya kuirusha moja kwa moja, kwa sababu za gharama. Pikipiki ikatoka kwa mtu wa wilaya ya mbali ambayo kampuni haikuwa na soko kubwa. Bwana wa masoko akasogea, akaniambia kwa upole, "Dada, turudie hiyo. Sauti haikuingia vizuri." Sauti ilikuwa imeingia. Afisa msimamizi akafunga daftari lake akasema jina limeshaandikwa. Na mzee, bila kusema neno, alikuwa hajazima kamera. Kanda ilikuwa na yote: jina, ombi la kurudia, na jibu la afisa. Pikipiki ikaenda kwa mwenyewe. Kampuni ile haikunipa msimu uliofuata, na sijutii hata siku moja.

Ndiyo maana nashikilia droo irushwe mubashara, au kama inarekodiwa, irekodiwe kwa mkupuo mmoja usiokatwa. Na ndiyo maana kanuni ya kuwatoa wafanyakazi na jamaa zao ni lazima isomwe hewani kila mara, bila kuificha kwa maandishi madogo. Januari mwaka 2000 benki ya Zimbank, Zimbabwe, iliendesha bahati nasibu ya wateja wake yenye zawadi ya dola 100,000 za huko. Mshereheshaji Fallot Chawawa alipopewa tiketi iliyochotwa alikuta jina la Rais R. G. Mugabe. Serikali ilikuwa na hisa katika benki hiyo. Hebu jiweke katika viatu vya yule mwenye kipaza sauti. Hata kama mkono uliochota ulikuwa safi kuliko theluji, nani angeamini? Wenye nguvu wakae nje ya pipa, ili mtangazaji asiwekwe mahali pa kutamka lisilotamkika.

Uganda tuna sheria nzuri kuliko watu wanavyodhani. Tangu mwaka 1967 kulikuwa na sheria ya bahati nasibu ya taifa, na mwaka 2016 ikaja mpya inayosimamia bahati nasibu na michezo ya kubahatisha kwa pamoja, yenye bodi yake. Umri wa kucheza kamari kwa sheria hiyo ni miaka 25, wakati nchi nyingi zimeridhika na 18. Naiunga mkono kwa moyo wote. Nimewaona vijana wa bodaboda wakiacha abiria ili wakabeti, na nimepokea kuponi za mtu mmoja zinazojaza mfuko, za sabuni ambayo familia yake haiwezi kuimaliza mwaka mzima. Nilimwonea huruma, na nikaanza kuuliza kwa nini hatusemi hewani mle pipani mna kuponi ngapi.

Hili ndilo deni kubwa la watangazaji wote wa droo, wa hapa na wa ng'ambo. Tunawaonyesha walioshinda. Waliokosa hawana kamera. Mtu akitazama wiki baada ya wiki anaona furaha tupu, na anaanza kuhisi zamu yake inakaribia, wakati pipa halina kumbukumbu ya nani amesubiri. Chukua Powerball, bahati nasibu ya Afrika Kusini, ilivyokuwa mwaka 2020: ulichagua namba 5 kati ya 50, na mpira mmoja wa nyongeza kati ya 20. Nafasi ya tiketi moja kupata zawadi kuu ilikuwa 1 kati ya 42,375,200. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu Uganda watu wapatao milioni 45.9. Basi ni karibu sawa na kuwatia Waganda wote katika pipa moja, wachanga na vikongwe, halafu utegemee achotwe wewe. Nikiwaambia watu hivyo wananielewa mara moja. Kwa namba yenye koma mbili hawaelewi, na si kosa lao.

Droo hiyohiyo ya Afrika Kusini, tarehe 1 Desemba 2020, ilitoa 5, 6, 7, 8, 9, na mpira wa nyongeza ukawa 10. Watu 20 walikuwa wamechagua hivyo, wakagawana randi milioni 114. Nchi nzima ikapiga kelele za wizi. Bulgaria mwaka 2009 namba sita zilezile, 4, 15, 23, 24, 35 na 42, zilitoka katika droo mbili zilizofuatana, ukaamriwa uchunguzi, hila haikuonekana. Mpangilio wa 5 hadi 10 una nafasi sawa kabisa na mpangilio wowote mwingine. Bahati haijui kwamba namba zimefuatana. Lakini maelezo hayo humtosheleza tu mtu aliyeona mipira kwa macho yake. Asiyeona atabaki na lake.

Na hapo ndipo hofu yangu ya sasa ilipo, maana droo zimehamia kwenye simu. Hakuna kuponi, hakuna pipa. Kompyuta inachagua namba, mtangazaji anabonyeza kitufe chekundu, jina linatokea. Ujerumani mwaka 2013 waliiondoa droo televisheni na kuipeleka intaneti, Waingereza wa BBC nao wakafuata miaka michache baadaye. Kompyuta yenyewe siichukii. Haichoki, haina mikono mipana. Ila Marekani mkuu wa usalama wa mitambo katika umoja wa bahati nasibu za majimbo, Eddie Tipton, ndiye aliyepenyeza ndani ya programu ya kuchagulia namba maagizo yaliyoifanya itabirike kwa tarehe fulani za mwaka. Tiketi ya dola milioni 16.5 ya Desemba 2010 ndiyo iliyomuumbua, kwa kuwa kamera ya duka ilimnasa akiinunua. Mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha hadi miaka 25. Ni Pennsylvania ileile: ufunguo wa stoo mikononi mwa mtu mmoja, na safari hii stoo haionekani kabisa.

Siku hizi nawafundisha watangazaji vijana, wachache Kampala na wachache Jinja. Kwa droo za kompyuta nawataka wadai mambo yafanyike mbele ya kamera: faili la namba za washiriki lifunguliwe na msimamizi, idadi yake isomwe kwa sauti, skrini ya kompyuta ionyeshwe nzima bila kukatwa tangu hapo mpaka jina litokee, na aliyeandika programu asiwe ndiye anayeiendesha. Baadhi yao wamerudi wakiniambia wadhamini wamekataa. Binti mmoja wa Jinja alirudia ombi la idadi mpaka likakubaliwa, na sasa kabla ya kubonyeza anasema: "Leo washiriki ni kadhaa wa kadhaa, zawadi ni tano." Anataja kwa Kisoga, kisha kwa Kiswahili. Mdhamini aliogopa kwamba watu watapungua. Msimu umefika nusu na mkataba wake bado unaendelea.